Hatakaa Mpaka Jipu Litoke

Palikuwa na nchi, na bado ipo, ila jina lake hatulitaji, kwa kuwa sheria ya wenyewe inataka kila anayelitaja awe amesimama wima, na hadithi hii ni ya kusomwa umekaa. Yatosha kujua kwamba ni nchi nzuri, yenye mvua za kutosha na hotuba za kutosha na kubaki.

Mtukufu Kiongozi wa nchi hiyo alikuwa mchapakazi. Siku moja alisimama uwanjani akasema taifa linaumwa, na linaumwa kwa sababu lina majipu. Na jipu, ndugu wananchi, halibembelezwi, jipu hutumbuliwa. Majipu aliyoyasema ni wakubwa wavivu waliokalia viti vya serikali. Watu walipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Kuanzia hapo, kila mchana saa ya kula, redio ikawa inatangaza nani katumbuliwa, yaani kaachishwa kazi. Mkuu wa Maji alitumbuliwa. Aliyewekwa mahali pake alitumbuliwa kiti hakijapoa. Wa tatu akaogopa kukaa kabisa, akatumbuliwa akiwa amesimama.

Halafu ikatangazwa kwamba majipu yamekwisha na nchi imepona. Neno jipu likahama hospitalini, likahamia Ikulu. Daktari mmoja aliyeliandika kwenye cheti cha mgonjwa aliitwa aeleze alikuwa anamsema nani, naye alieleza kwa muda mrefu sana. Wenzake wakaona ni heri wagonjwa wawe na ugonjwa mwingine.

Haya yote Bi Kidawa hakuyajua.

Bi Kidawa alikuwa mgeni. Kwao ni ng'ambo ya mto, nchi nyingine, ambako jipu ni jipu. Alivuka kuja kumlea binti yake Raya, aliyeolewa huku na sasa amejifungua mtoto wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kumpikia uji wa pilipili manga, na iliyobaki yote ilikuwa kumpakata mjukuu. Kumpakata ndiko kulikomvusha mto. Hayo mengine hata jirani angeyaweza.

Basi likamtoka jipu. Lilianza kama ameumwa na mbu, likawa haragwe, likawa yai la njiwa, na lilipotosheka kukua likawa jekundu na moto. Lilimtoka kwenye kalio la kulia. Bi Kidawa akawa analala kifudifudi kama mjusi na kula akiwa amesimama. Alibandika kitunguu cha kuchoma, akabandika sabuni ya mche iliyopondwa na sukari. Jipu likala vyote likazidi kunona. Na kwa kuwa mtu hawezi kupakata bila kukaa, mtoto akawa analia kitandani, na Raya, ambaye mshono wake haujakauka, akawa anainama kumchukua huku akiuma meno. Hilo lilimuuma Bi Kidawa kuliko jipu lenyewe. Alijaribu kumbeba mtoto akiwa amesimama, homa ikamtetemesha magoti, Raya akamnyang'anya.

"Mama, leo unakwenda hospitali," Raya akasema. "Usinirudie hapa na hilo jipu. Nikikuona unaingia nalo mlangoni, nalitumbua mwenyewe kwa pini ya nepi."

"Wewe mtoto una adabu kweli?"

"Adabu ninayo, mama. Na pini ninayo."

Raya hakuwa na redio, naye pia hakujua kwamba neno limehama.

Juu ya geti la Hospitali Kuu ya Mfano palikuwa na bango: MGONJWA, PONA KWA UTARATIBU. Ndani mlikuwa na dirisha la kuandikishwa, na dirisha la kuthibitisha kwamba umeandikishwa, na pembeni dirisha la wageni, ambalo Bi Kidawa alielekezwa. Mwanamke mmoja mnene aliyekuwa mbele yake alimwona anavyotetemeka, akamsogezea bega. "Egemea hapa, dada. Mimi ni ukuta." Bi Kidawa akaegemea, akamwombea dua kimoyomoyo, yeye na ukoo wake.

Karani wa dirisha la wageni aliitwa Simbano. Alikuwa kijana mpole mwenye tai iliyombana shingo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Ugonjwa wako umekuja nao kutoka nje, au umeupata hapa nchini? Kama umekuja nao, ilibidi uutangaze mpakani."

"Nimeupata hapa hapa kwenu, baba. Nilipovuka nilikuwa mzima."

"Tatizo lenyewe?"

"Jipu."

Kalamu ilimdondoka Simbano. Hakuinama kuiokota.

"Umesema..."

"Jipu, mwanangu. Nimekuja litumbuliwe leo leo. Nimelivumilia, sasa basi."

Simbano akatazama kushoto, akatazama nyuma, akashusha sauti ikawa kama ya mtu anayesali. "Liko wapi, mama?"

Bi Kidawa naye akashusha sauti, kwa kuwa palikuwa na wanaume kwenye foleni. "Siwezi kulitaja mbele za watu. Ila liko hapo mahali pa kukalia."

"Kwenye kiti!" Simbano akanong'ona. "Ni kubwa?"

"Kubwa, tena limeiva. Limekaa pale linakula na kunona tu."

"Upande gani?"

"Wa kulia."

Upande wa kulia wa korido palikuwa na ofisi mbili tu: ya Bwana Stoo na ya Mkurugenzi. Simbano akahisi tai inazidi kumbana.

"Samahani, mama. Nani amekutuma?"

"Raya. Ameniambia nisirudi mpaka litumbuliwe. Mkali yule! Nikirudi nalo, atakuja kulitumbua mwenyewe, na hana mchezo."

Simbano hakumjua Raya ni nani, lakini alijua kwamba watu wakubwa kweli hutajwa kwa jina moja. Akatoka mbio, akaleta kiti cha mto wa mahameri, ambacho hukaliwa na Waziri wa Siha siku za sherehe, akakipangusa kwa mkono wa shati lake.

"Karibu kiti, mama."

"Ahsante, mwanangu, Mungu akubariki. Lakini mimi sikai mpaka jipu litoke."

Maneno hayo yaliondoka dirishani kwa mguu, yakafika wodini kwa mbio. *Hatakaa mpaka jipu litoke.* Mfagiaji alimwambia muuguzi, muuguzi akamwambia mpishi, na mpishi akazima jiko ili afikiri vizuri.

Na hapo ndipo Bi Kidawa alipoona ukarimu wa watu wa nchi ile, ambao alikuja kuusimulia mpaka kwao. Mtu mgeni, mzee, hana ndugu hospitalini, lakini walivyompokea! Walimletea uji wenye maziwa. Walimletea feni, na mtu wa kushika waya wa feni. Alipopita wodini akitafutiwa daktari, wauguzi walikuwa wanatandika mashuka mapya yenye mikunjo ya boksi, na mgonjwa mmoja aliyekuwa analala chini alipandishwa kitandani kwa nguvu huku akiuliza, "Nimefanya nini, jamani?" Bi Kidawa alimshika mkono kila mgonjwa, akamuuliza hali. Kila alipouliza hali, muuguzi aliyesimama nyuma yake alifumba macho.

Bwana Stoo ndiye aliyemfikia wa kwanza. Aliitwa Mlekwa, na alikuwa mwembamba kama ufunguo wake. Alimvuta Bi Kidawa nyuma ya kabati.

"Mama yangu, nakuomba unisikilize kama mwanao. Yale magodoro niliyapeleka nyumbani. Lakini ni kwa sababu mke wangu anaumwa mgongo."

"Pole, baba. Mgongo ni kitu kibaya. Umefanya vizuri kumfikiria mwenzio."

Mlekwa akamsogelea zaidi. "Na pamba je?"

"Pamba nayo inasaidia. Mwekee chini ya kiuno."

"Kwa hiyo... si mimi?"

"Si wewe nini?"

"Jipu."

Bi Kidawa akamtazama juu mpaka chini, akacheka ingawa kucheka kulimuuma. "Wewe? Wewe ulivyo mwembamba hivi, jipu litakaa wapi?"

Mlekwa akambusu mikono yote miwili, akaenda kufungua stoo. Ganzi iliyokuwa imekwisha tangu masika ikapatikana. Glovu zilizokuwa njiani zikafika. Lakini kama si yeye, upande wa kulia ilibaki ofisi moja tu, na hesabu hiyo kila mtu aliiweza.

Mkurugenzi, Daktari Ngwali, akaitisha kikao cha dharura. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ya jukwaani. Zamani alikuwa daktari wa upasuaji, na mkono wake ulisifika. Ila alipopewa cheo alikaa kwenye kikao, na kikao kile, kwa namna fulani, hakijakwisha mpaka leo. Wajumbe wakaingia ukumbini. Kwa kuwa mgeni alisema jipu liko mahali pa kukalia, hakuna aliyethubutu kukalia kiti. Kikao kizima kiliendeshwa watu wakiwa wamechuchumaa.

"Ndugu wajumbe," Daktari Ngwali akaanza, magoti yakimlia, "jipu ni jipu. Hata hivyo, si kila jipu ni jipu. Kuna jipu la kimfumo, na kuna jipu la kimazingira, na kuna lile ambalo huonekana jipu kwa sababu ya mwanga hafifu wa korido. Serikali yetu sikivu imekwisha kutangaza kwamba hakuna jipu. Kwa hiyo linalotafutwa hapa ni jipu lisilokuwepo, nami napendekeza tuliundie kamati."

"Naunga mkono," akasema Mlekwa, ambaye siku ile alikuwa anaunga mkono kila kitu.

"Kamati imuulize mgeni kwa heshima kama atakubali jipu dogo zaidi. Mpishi, kwa mfano."

"Mimi?" mpishi akaruka. "Mheshimiwa, mimi ni kipele tu!"

Kikao kikachafuka. Fundi umeme alimtaja mtu wa maabara, mtu wa maabara akamtaja shemeji wa fundi umeme, ambaye hata kazi hakuwa nayo pale. Katikati ya kelele Simbano akaingia anahema.

"Mheshimiwa! Mama amepata kizunguzungu. Ameegemea ukuta. Tumembembeleza akae, amekataa. Anasema kama hakuna wa kulitumbua, basi atarudi nyumbani kwa Raya, na Raya ana pini."

Mmoja baada ya mwingine wajumbe wakakumbuka kazi zao, wakatoka wakiwa bado wamechuchumaa, mpaka Mkurugenzi akabaki peke yake.

Alimkuta Bi Kidawa koridoni, paji la uso limegusa ukuta wa baridi, kanga imelowa jasho. Daktari Ngwali alivua kitambulisho chake shingoni, akakishika kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, na sauti ya jukwaani ilikuwa imemtoka yote. "Tusisumbuane. Jipu ni mimi. Nimekaa tu pale. Nakula na kunona. Sijamgusa mgonjwa tangu wanangu wakiwa wadogo. Nitumbue, yaishe."

Bi Kidawa alimtazama lijitu zima lile linalolengwa na machozi, akamhurumia mno.

"Mwanangu, mimi nikutumbue wewe? Mimi hata kuku nachinjiwa. Inama nikwambie." Akamnong'oneza sikioni kitu kile ambacho hakuweza kukitaja mbele ya wanaume wa foleni.

Daktari Ngwali alisimama wima. Akatazama alipoonyeshwa, kwa adabu, kisha akatazama pengine. Kicheko kilimwanzia tumboni, kikapanda, na kilipofika kooni kilimwangusha chini akakaa sakafuni, miguu mbele, kama mtoto anayecheza mchangani. Bi Kidawa alipoona mtu anacheka hivyo naye akacheka, huku anasema, "Aa, usinichekeshe, linauma!" na kila akisema hivyo walizidi.

Kisha daktari akaugusa mkono wake, akausikia moto, akaacha kucheka. "Homa hii si ya kuchezea," akasema. "Ingefika kesho, ingekuwa hadithi nyingine." Akanyanyuka. Halafu akasita.

"Tatizo, mama, ni sheria. Nikilitumbua nitakuwa nimekiri kwamba lipo. Kwa mujibu wa tangazo, wewe huna kitu."

"Basi nitumbulie hicho nisicho nacho," akasema Bi Kidawa, "maana nimeacha mjukuu analia, na mama yake hajapona."

Daktari Ngwali akamtazama. Akakunja mikono ya shati.

Chumba cha upasuaji kilikuwa kimejaa bendera za sherehe. Walizitoa kwa mikumbo. Mlekwa alileta ganzi na kisu kipya. Muuguzi alimlaza Bi Kidawa kifudifudi, akamfunika vizuri, akaacha wazi pale pa kazi tu, akawa anampapasa bega bila kuambiwa. Daktari alinawa mikono kwa muda mrefu, kama mtu anayeamkiana na rafiki wa siku nyingi. Mwanzo vidole vilimtetemeka. Kisha vikakumbuka.

"Tafuna kitu, mama."

Bi Kidawa akatafuna upindo wa kanga.

Nje ya mlango Simbano alikuwa ametega sikio, na nyuma yake walikuwa watu wote wa hospitali. Walisikia Bi Kidawa akimtaja mama yake. Kisha wakasikia sauti ya Mkurugenzi, imejaa furaha ambayo hawajawahi kuisikia kwenye kikao chochote:

"Limetoka! Na kiini chake! Lahaula, tazama uchafu wote huo!"

"Jipu limetumbuliwa!" Simbano akapiga kelele.

Korido ililipuka vigelegele. Watu walikumbatiana. Mpishi aliwasha jiko. Kila mmoja alikimbia kutazama kama kiti chake bado kipo, akakikuta, akarudi kushangilia upya.

Bi Kidawa alitoka akiwa mwepesi kama aliyeshushwa tita la kuni kichwani. Akawashukuru wote, mmoja mmoja. Alipofika nyumbani Raya alikuwa mlangoni, pini mkononi.

"Litoe jicho lako hapo," Bi Kidawa akamwambia. "Limekwisha. Na watu wa huku, mwanangu, sijaona wapole kama wao. Kwa jipu la mtu mmoja, hospitali nzima inapiga vigelegele!"

Jioni redio ikatangaza kwamba jipu sugu limetumbuliwa Hospitali Kuu ya Mfano, na Mkurugenzi mwenyewe, kwa mkono wake. Ikulu walishtuka. Kila ofisi ikahesabu watu wake, hakuna aliyepungua. Lakini majumbani watu wa kawaida waliisikia habari ile kwa namna nyingine. Waliinua vichwa vyao kutoka kwenye mito, wakaulizana, "Mkono wake? Kwa kisu?"

Asubuhi Bi Kidawa alirudi kusafishwa kidonda, Raya akimsindikiza taratibu na mtoto mgongoni. Walipofika getini hawakuweza kupita. Uwanja wote wa hospitali ulikuwa umejaa watu: wake kwa waume, walimu, hakimu mmoja, mwanajeshi mwenye vyeo begani, na mtangazaji wa redio yenyewe.

"Mnasubiri nini, wanangu?" Bi Kidawa akamuuliza hakimu.

Hakimu akatazama kulia, akatazama kushoto. "Tumekuja kumsalimia Daktari tu, mama."

"Wote hawa?"

"Wote."

"Na mabenchi yote haya matupu, mbona hamkai?"

Hakimu alianza kutazama mawingu.

Mlangoni Daktari Ngwali alionekana, koti jeupe, mikono imekunjwa, akimwita aliye mbele aingie. Akamwona Bi Kidawa, akampungia kisu kwa furaha. Wakati huo huo gari jeusi la Waziri wa Siha likaingia kwa king'ora. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, na Waziri akatoka kinyumenyume, miguu kwanza, kwa kuwa alikuwa amesafiri safari nzima amelala kifudifudi.

"Ndugu wananchi!" akasema, ameshika mlango wa gari. "Serikali haina taarifa ya jipu lolote. Nchi yetu ni nyororo. Anayedai ana jipu, alete ushahidi, na akiuleta atachukuliwa hatua."

Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyetoka kwenye foleni.

Raya alikuwa amechoka. Bi Kidawa alimfungua mtoto mgongoni, akachagua benchi lenye kivuli, akaegemea ubavu wa kushoto ili bendeji isiguswe, akateremka kidogo kidogo mpaka akakaa. Akampakata mjukuu wake. Mtoto akapiga miayo, akamshika kidole.

Waziri alimwona. Katika uwanja ule mzima Bi Kidawa ndiye mtu pekee aliyekaa. Waziri alimtazama kama mtu aliyefunga saumu anavyotazama sambusa saa kumi alasiri. Akawaaga wasaidizi wake, akamsogelea kwa mwendo wa bata, akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Lile la jana..." Waziri akashusha sauti. "Liliuma?"

"Sikufichi, baba, liliuma. Kidogo. Kisha unakaa." Akamwonyesha kwa kidevu. "Nenda kasimame nyuma ya yule mwanajeshi. Na uwe na kitu cha kutafuna."

Waziri wa Siha alivua tai yake, akaikunja ikawa saizi ya kinywa, akaenda kushika foleni.